George Carver: Udadisi uliomkwamua mkulima wa pamba

Shamba linapoacha kuzaa, au mzigo unapokaa dukani bila mnunuzi, wengi hufikiria kwanza mahali pa kupata mkopo. Maisha ya Profesa George Washington Carver wa Marekani yanaonyesha kwamba kuna kazi ya kufanya kabla ya kutafuta fedha: kukiangalia kwa makini kile kilichopo mkononi na kuuliza maswali.

Carver alizaliwa mtumwa, karibu mwaka 1864, katika shamba la Moses Carver, karibu na Diamond, jimbo la Missouri. Akiwa mchanga alitekwa pamoja na mama yake na wezi wa watumwa. Yeye alipatikana na kurudishwa, lakini mama yake hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Moses na mkewe Susan ndio waliomlea.

Kwa kuwa alikuwa na afya dhaifu, hakupewa kazi nzito za shamba. Alibaki nyumbani akijifunza kupika, kufua na kushona. Muda uliobaki aliutumia porini, akichimbua mimea na kuipanda upya ili aone inapenda udongo gani na jua kiasi gani. Baada ya muda majirani walianza kumletea maua yao yaliyonyauka, wakawa wanamwita daktari wa mimea.

Milango iliyofungwa

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, hivyo Carver aliondoka nyumbani bado mtoto na kwenda kusoma mji wa Neosho. Mwaka 1885 chuo kimoja cha Highland, jimbo la Kansas, kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana ni mweusi akarudishwa. Alikwenda kulima katika wilaya ya Ness, Kansas, ambako alijenga nyumba ya matofali ya udongo wenye nyasi na kuendelea kukusanya mimea.

Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, kusomea uchoraji, akijilipia kwa kufua nguo za wanafunzi wenzake. Mwalimu wake, Etta Budd, aliona jinsi alivyoijua mimea aliyoichora na kumshauri asomee kilimo. Carver alihamia chuo cha kilimo cha jimbo hilo mjini Ames, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo na baadaye mwalimu wa kwanza mweusi.

Udongo uliochoka

Mwaka huo wa 1896, Booker T. Washington alimwalika kuongoza idara ya kilimo katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya. Pamba ilikuwa imelimwa mwaka baada ya mwaka hadi ardhi ikachoka. Wakulima wengi weusi walilima mashamba ya kukodi na kuchukua mbegu na chakula kwa mkopo, wakiweka pamba kuwa dhamana. Hata aliyejua kwamba pamba inammaliza hakuwa na nafasi ya kuiacha.

Maabara nayo haikuwa na vifaa. Carver na wanafunzi wake walikwenda majalalani kuokota chupa, mitungi, vyungu na waya, wakatengeneza vifaa vyao. Mwaka 1897 jimbo liliidhinisha kituo cha majaribio ya kilimo chuoni hapo, kwa bajeti ya dola 1,500 kwa mwaka.

Kwa kuwa mkulima wa Alabama hakuwa na fedha za mbolea, Carver alijiuliza ni kitu gani mkulima huyo anacho bure. Kijitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1898, kilieleza jinsi ya kulisha mifugo kwa mbegu za miti ya mwaloni zilizokuwa zikioza msituni. Kisha alifundisha kutengeneza mboji kwa majani ya porini na tope la mabwawani.

Aidha, alihimiza wakulima kubadilisha mazao kwa kupanda kunde, karanga na viazi vitamu baada ya pamba. Mizizi ya kunde na karanga ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, hivyo mimea hiyo husaidia kurudisha rutuba ambayo pamba imeiondoa. Mwaka 1906 elimu hiyo ilianza kupelekwa vijijini kwa gari la kukokotwa na wanyama, likiwa na zana na mbegu, ili mkulima aone kwa macho yake.

Karanga bila soko

Mwaka 1910 hivi, mdudu anayeshambulia vitumba vya pamba aliingia Alabama akitokea Texas, na waliotegemea pamba peke yake wakapata hasara kubwa. Wengi waligeukia karanga. Katika mji wa Enterprise, wakazi walijenga mnara kwa heshima ya mdudu huyo mwaka 1919, kwa kuwa ndiye aliyewalazimisha kuachana na zao moja.

Hata hivyo, karanga zisizo na mnunuzi hazilipi deni. Carver alizichunguza moja moja: mafuta yake, unga wake, maziwa yake, hata maganda. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha jinsi ya kulima karanga na njia 105 za kuzipika. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyoshughulikia kodi za bidhaa kutoka nje. Alipewa dakika 10, lakini wabunge walivutiwa na bidhaa alizozitoa sandukuni wakamwongezea muda. Sheria ya mwaka 1922 iliwalinda wakulima wa karanga.

Si kila jaribio lilifanikiwa. Siagi ya karanga, ambayo wengi humsifu nayo, ilikuwepo kabla yake. Bidhaa zake nyingi hazikufika kiwandani, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 kuziuza haikufanikiwa. Faida kubwa ilibaki kwa familia za vijijini, zilizopata chakula bora na udongo wenye nguvu bila gharama kubwa.

Carver alifariki dunia Januari 5, 1943, akiacha akiba yake kwa mfuko wa utafiti hapo Tuskegee.

Funzo kwa mkulima na mfanyabiashara

Kunde, karanga na viazi vitamu si mazao mageni kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Mkulima aliyekwama anaweza kutenga kipande kidogo cha shamba, akajaribu zao jingine au mboji, na kulinganisha mavuno. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umekwama naye anaweza kuuliza unaweza kusindikwa kuwa nini, na makapi yake yanamfaa nani. Majaribio mengine yatashindwa, kama ya Carver yalivyoshindwa, lakini jaribio la kipande kidogo halimfilisi mtu.