Josephine Butler hakungoja serikali rafiki

Siasa zinapogeuka, madai ya wanyonge ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Na katika wanyonge hao, hapana anayeambiwa asubiri mara nyingi zaidi ya mwanamke aliyetendewa unyama wa kijinsia. Kwa sababu hiyo naona yafaa tumkumbuke Josephine Butler, Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 1906, kwani maisha yake yana funzo kwa kila aliyekata tamaa baada ya uchaguzi.

Josephine alizaliwa mwaka wa 1828 huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, katika familia iliyochukia utumwa. Mwaka wa 1852 aliolewa na George Butler, mwalimu na kasisi. Mwaka wa 1864 binti yao wa pekee, Eva, alianguka kutoka juu ya ngazi za nyumbani akafa. Walipohamia Liverpool mwaka wa 1866, mama huyo aliyefiwa aliamua kuwatafuta waliokuwa na uchungu kuliko wake. Aliingia katika nyumba ya mafukara ya Brownlow Hill, akaketi sakafuni na wanawake waliokuwa wakichambua kamba kuukuu, na baadhi yao akawachukua nyumbani kwake.

Wakati huo Bunge lilikuwa limetunga sheria za maradhi ya zinaa, za mwaka wa 1864, 1866 na 1869. Katika bandari na miji yenye kambi za jeshi, askari kanzu waliweza kumshuku mwanamke yeyote kuwa kahaba na kumlazimisha apimwe sehemu za siri kwa vyombo vya chuma. Aliyekataa alifungwa gerezani. Aliyepatikana na ugonjwa alizuiliwa hospitalini kwa miezi kadhaa. Wanaume waliowanunua wanawake hao hawakuguswa. Kwa Josephine na wenzake, huo ulikuwa ubakaji uliogongwa muhuri wa serikali.

Aliongoza chama cha wanawake kilichopinga sheria hizo, katika enzi ambayo mwanamke wa heshima hakutarajiwa hata kuyataja mambo kama hayo. Katika uchaguzi mdogo wa Colchester mwaka wa 1870, wahuni walivunja madirisha ya hoteli alimolala. Kule Pontefract mwaka wa 1872, moto uliwashwa chini ya ghala alimokuwa akihutubia wanawake. Hakurudi nyuma.

Pigo kubwa lilikuja mapema mwaka wa 1874. Chama cha Liberal kilishindwa katika uchaguzi mkuu, Disraeli akashika serikali mahali pa Gladstone, na baadhi ya wabunge waliokuwa wakiitetea hoja yake wakapoteza viti vyao. Wengi waliona kazi ya miaka minne imezama. Na tusijidanganye: hata Gladstone alipokuwa madarakani, sheria hizo hazikufutwa.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia mama huyu. Hakungoja rafiki zake warudi mamlakani. Mwishoni mwa mwaka huo alivuka bahari akaenda Ufaransa, Italia na Uswisi, akajionea jinsi polisi wa Paris walivyowatawala wanawake maskini, na mwaka wa 1875 akasaidia kuunda shirikisho la kuunganisha wapinzani wa mfumo huo barani Ulaya. Nyumbani, James Stansfeld, aliyekuwa waziri hadi uchaguzi ule, alijitokeza hadharani kuitetea hoja hiyo ijapokuwa ilimharibia nafasi yake katika siasa. Mwaka huo huo wa 1875, mjane mmoja wa Aldershot aliyeandamwa na polisi alikufa maji, na kifo chake kikawazindua wengi waliokuwa wamelala.

Mwaka wa 1883 Bunge liliipitisha hoja ya Stansfeld, na upimaji wa lazima ukasimamishwa. Sheria zenyewe zilifutwa mwaka wa 1886. Kati ya miaka hiyo, yaani mwaka wa 1885, umri wa msichana kuridhia tendo la ndoa ulipandishwa kutoka miaka 13 hadi 16, na Josephine alikuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Safari nzima ilichukua miaka kumi na sita, na serikali zilibadilika zaidi ya mara moja.

Sisi Wakenya tunaijua safari ya namna hiyo. Mswada wa Makosa ya Kijinsia uliowasilishwa na Njoki Ndung'u ulifanyiwa kejeli Bungeni kabla ya kuwa sheria mwaka wa 2006. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na Tume ya Jaji Waki ikaandika habari za ubakaji uliotendeka. Mahasimu wa kisiasa walipatana wakagawana vyeo. Walionusurika wakabaki na majeraha yao. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka wa 2013, na ni Desemba 2020 tu Mahakama Kuu ilipoamuru wanne kati yao walipwe fidia.

Kwa maoni yangu, kosa letu ni kuwakabidhi wanawake hawa kwa chama fulani au kiongozi fulani, halafu akianguka tunaanguka naye. Ushahidi uandikwe na kuhifadhiwa, mawakili wapatikane, nyumba za hifadhi zisifungwe, hata kama walioko Ikulu hawatujali. Josephine Butler hakuwa na kura ya kuchagua wabunge maishani mwake. Sisi tunazo, na tuna sheria. Udhuru wetu ni upi?