Julius Nyerere

Julius Kambarage Nyerere (13 Aprili 1922 – 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu na mwanasiasa, Rais wa kwanza wa Tanzania.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mtoto wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili kuongoza TANU.

Wakati huo shule na mishahara ya Tanganyika ilipangwa kwa rangi, Waafrika wakiwa wa mwisho. Hata katika uchaguzi wa 1958–1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja.

Baada ya uhuru (1961) serikali iliwapa Waafrika kipaumbele katika ajira, sera ambayo mitaani iliitwa naizesheni. Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu kuanzia Januari 1962, aliiharakisha. Nyerere aliikubali kwa muda tu. Tayari Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, alitishia kujiuzulu pamoja na serikali yake. Mwanzoni mwa Januari 1964 aliamuru upendeleo huo ukome: raia wote wawe sawa kazini. Viongozi wa wafanyakazi walipinga. Tarehe 20 mwezi huohuo askari wa kambi ya Colito (leo Lugalo) waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Nyerere alijificha, kisha akalazimika kuomba msaada wa jeshi la Uingereza, jambo lililomfedhehesha sana.

Upendeleo wenyewe haukufa, ila ulihama kutoka rangi kwenda maeneo. Kahawa na misheni viliipatia Kilimanjaro na Bukoba shule nyingi. Njombe, ingawa ilikuwa na misheni ya Kilutheri ya Yakobi tangu enzi ya Wajerumani, ilipeleka vijana wengi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Baada ya shule za misheni kutaifishwa, miaka ya 1970 nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kimkoa. Hivyo mtoto wa Kilimanjaro aliweza kukosa nafasi kwa alama ambazo kwingine zingemtosha. Wazazi wa huko walichangishana kujenga shule zao, na miaka ya 1980 wananchi wa Njombe nao wakafanya vivyo hivyo.

Aling'atuka urais mwaka 1985. Alifariki London kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama.