Shaaban Robert: Karani Aliyefikiri kwa Mashairi

Katika safu yetu ya watu mashuhuri, wiki hii tunamkumbuka Shaaban Robert. Mtoto, muulize baba au mama kama alisoma kitabu chake shuleni. Huenda bado anakumbuka mengi.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Usidanganywe na jina la Robert; alikuwa Mwislamu wa Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha serikali ya kikoloni ikamwajiri kuwa karani wa forodha. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi hapo Tanga. Chuo kikuu hakusoma. Mchana alishughulika na makaratasi ya serikali, na muda uliobaki akaandika vitabu vyake.

Wengi humwita mshairi, na wengine humwita mwanafalsafa. Yote mawili ni kweli. Falsafa ni kuuliza maswali makubwa: Wema ni nini? Haki ni nini? Mtu aishi vipi na wenzake? Zamani sana kule Ugiriki, Plato aliandika juu ya mji bora wa kufikirika, na washairi wengi hakuwapa nafasi mjini humo. Aliona wanachezea hisia za watu. Kwetu pwani mambo yalikuwa tofauti. Mtu mwenye hekima ndiye aliyetunga. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimwachia binti yake wosia mzima kwa utenzi.

Shaaban Robert alifuata njia hiyo hiyo. Alipofiwa na mkewe Amina, huzuni yake aliitungia shairi. Watoto wake nao aliwatungia tenzi mbili za mawaidha: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Humo aliwafundisha heshima, kazi, elimu na utu.

Kwa nini hakuwaandikia barua ya kawaida? Utazame utenzi wenyewe. Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza hufanana vina, na kina cha mstari wa nne hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Mwenye mizani nane tu hana nafasi ya maneno ya bure. Lazima afikiri vizuri kwanza, achague neno, ndipo aandike. Na kilichopangwa hivyo hakitoki kichwani upesi. Mimi ni muuguzi, nimewahudumia wazee waliosahau hata majina ya watoto wao, lakini wimbo wa utotoni wanauimba vizuri.

Alitafsiri pia mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi, mtu aliyekuwa mwanahisabati na mwanafalsafa. Si ajabu wawili hao walielewana, ingawa kati yao ilipita miaka zaidi ya mia nane.

Hata hadithi zake zina maswali makubwa. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, kijana Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Mahakamani anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za jirani wakarudi na mawazo mema, na shukrani waliyopewa ikawa kifungo. Nchi ile inaelea angani, lakini wasomaji wengi waliitambua: ni Tanganyika chini ya ukoloni.

Alifariki Tanga mwezi Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya uhuru. Vitabu vyake kadhaa, kama Kufikirika na Utubora Mkulima, vilichapishwa baada ya kifo chake.

Wazazi, hapa DeSoto watoto wetu wanajua kusalimia na kuomba chapati kwa Kiswahili. Likija swali zito, kama haki, kifo, au kwa nini fulani anaonewa shuleni, tunahamia Kiingereza, sisi wenyewe tukiwa wa kwanza. Lugha ikibaki ya jikoni tu, mjukuu hataikuta. Shaaban Robert alionyesha kwamba Kiswahili kinabeba mawazo yote hayo, tena kwa uzuri.

Kazi ya nyumbani: Mtoto, chagua swali moja kubwa unalojiuliza. Mzazi, kaa naye mlizungumze kwa Kiswahili, hata kama mtakwama njiani. Kisha tungeni pamoja ubeti mmoja wa utenzi, mistari minne. Hesabuni mizani kwa vidole. Jumamosi ijayo tutasomeana darasani.