Mama Kevina: Muuguzi aliyewahudumia wapagazi wa vita

MAJESHI ya Uingereza yalipoingia Kilosa Agosti 1916, Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini, na mapigano yakaendelea kupitia ukanda wa Mikumi hadi Kidodi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, hivyo chakula na risasi vikabebwa kwa vichwa vya watu.

Wapagazi hao walichukuliwa kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika yenyewe na nchi jirani. Makumi ya maelfu yao walipoteza maisha, wengi wakiuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi.

Waliorejeshwa Uganda wakiwa wagonjwa walipata hifadhi katika kituo cha Nsambya, Kampala, ambacho wakati wa vita kilitumika kama hospitali ya Kikosi cha Wapagazi. Aliyesimamia uuguzi hapo hakuwa na cheo cha kijeshi. Alikuwa mtawa kutoka Ireland, Mama Kevin, ambaye Waganda walimwita Mama Kevina.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa Aprili 27, 1875, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, akabaki yatima angali mtoto. Alijiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na Januari 1903 akawasili Uganda pamoja na wenzake watano.

Kazi ilianzia chini ya mwembe, palipokuwa zahanati yao ya kwanza. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu wa Buganda na Busoga, na dawa zilikuwa haba. Hata hivyo huduma ilipanuka hadi Nagalama mwaka 1906 na Kamuli mwaka 1913.

Kwa utumishi wake kwa wapagazi, Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE mwaka 1918. Vita ilikuwa imekwisha, lakini ilikuwa imedhihirisha kuwa masista wachache kutoka Ulaya wasingeweza kuubeba peke yao mzigo wa wagonjwa wa nchi nzima.

Jibu lake lilikuwa kuwafundisha wasichana wa Kiafrika. Mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, akishirikiana na daktari Evelyn Connolly, alianzisha mafunzo ya uuguzi na ukunga Nsambya.

Hatua hiyo haikuwa rahisi. Sheria za Kanisa Katoliki za wakati ule ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga, ilhali wanawake wengi walikuwa wakifariki dunia wakati wa kujifungua. Mama Kevina alikuwa miongoni mwa waliopigania mabadiliko, na mwaka 1936 Roma iliondoa katazo hilo.

Alianzisha pia vituo vya wagonjwa wa ukoma Nyenga na Buluba. Mwaka 1952 akawa mkuu wa kwanza wa shirika jipya la Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika.

Baada ya kung'atuka alihamia Marekani, ambako aliendelea kukusanya fedha kwa ajili ya Afrika hadi alipofariki Oktoba 17, 1957, akiwa na umri wa miaka 82. Alizikwa Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba mwili wake urejeshwe. Desemba mwaka huo huo alizikwa upya Nkokonjeru, makao ya masista aliowaanzisha.

Mwaka 2016 Kanisa Katoliki lilianza rasmi mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Nchini Uganda jina Kevina limekuwa neno la kutaja hospitali au nyumba ya huruma.

Wapagazi wengi walioanguka katika njia za Kilosa na Mikumi hawana makaburi yenye majina. Wale waliofika Nsambya walipata kitanda, dawa na mtu wa kuwauguza, na kutokana na huduma hiyo Uganda ilipata kizazi cha wauguzi wake yenyewe.