Muliro: Waziri aliyeuweka ukweli mbele ya wadhifa

MASINDE Muliro alifariki ghafla mnamo Agosti 14, 1992, muda mfupi baada ya kutua katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akitoka London. Alizikwa nyumbani kwake Sibanga, karibu na Kitale. Wakati huo hakuwa waziri, lakini jina lake limedumu kuliko ya wengi waliokufa wakiwa na wizara.

Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 huko Matili, Kimilili, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Bungoma. Alisomea Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kisha akarejea kufundisha.

Mnamo 1957, Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, alimbwaga W.W.W. Awori, mwanasiasa aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti la Kiswahili la Radio Posta. Miaka mitatu baadaye alikuwa naibu wa Ronald Ngala katika chama cha KADU. Baada ya uhuru aliwawakilisha wakazi wa Kitale bungeni na akapanda hadi kuwa waziri.

Mtihani wake mkubwa ulikuja 1975. Mnamo Machi 2, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, alitoweka. Wakenya wakiwa bado wanauliza alipo, gazeti la Daily Nation liliripoti kwamba alikuwa Zambia. Punde si punde ikabainika kwamba alikuwa ameuawa, na mwili wake ulikuwa katika mochari ya Nairobi.

Msomaji hanunui karatasi na wino, hununua imani kwamba aliyoandikiwa ndiyo yaliyotendeka. Imani hiyo ilipoyumba, macho ya umma yaligeukia Bunge, ambalo liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma.

Ripoti ya kamati hiyo iliwanyoshea kidole maafisa wa polisi. Ilipofika wakati wa kura mnamo Juni, mawaziri walitarajiwa kusimama na serikali, iliyotaka makali ya ripoti hiyo yapunguzwe. Muliro, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, alipiga kura ripoti ikubaliwe. Rais Jomo Kenyatta alimfuta kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu.

Kwa hesabu ya siasa, alikuwa amepata hasara. Alipoteza mshahara, gari la serikali na nafasi ya kutajwa magazetini kila alipofungua barabara. Lakini wananchi wana mizani yao, nayo haipimi cheo.

Mnamo 1991, akikaribia umri wa miaka 70, alijiunga na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku na wenzao kuasisi FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi. Desemba mwaka huo, kifungu cha katiba kilichoruhusu KANU pekee kiliondolewa. Alifariki kabla ya uchaguzi uliofuata.

Leo jina lake limo katika chuo kikuu mjini Kakamega na katika uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma. Habari ya kufutwa kwake ilikuwa ya siku moja gazetini. Sababu ya kufutwa kwake ndiyo ambayo wananchi hawajaisahau.