Mtu na Matendo Yake: Adriano Atiman wa Karema

Asafiriye kwa chombo kutoka Kigoma kuelekea kusini hufika Karema, penye misioni ya zamani kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo alipofariki, 1956, Adriano Atiman, mganga na katekista, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Wazee wengi walijua jina lake. Vijana, twahofu, hawalijui.

Hakuwa mzaliwa wa nchi hii. Alizaliwa yapata 1866 upande wa Timbuktu, karibu na mto Niger. Akali mtoto, Watuareg walimkamata, wakamvusha jangwa la Sahara kama bidhaa. Huko Algeria Mapadri Weupe walitoa fedha, wakamkomboa. Akabatizwa, kisha akapelekwa Malta, ambako Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua nyumba ya vijana Waafrika waliokombolewa, wapate kusomea uganga. Akamaliza masomo 1888, na mwaka huohuo akaanza safari ya kuja kwetu.

Yafaa tukumbuke aliijia nchi ya namna gani. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara itokayo Bagamoyo. Pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walipitishwa hapo. Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, nao walikuwa wakikomboa watoto kama yeye alivyokombolewa. Boma la Karema, lililojengwa na Wabelgiji, walikabidhiwa 1885. Basi Atiman alipofika 1889, aliwakuta hapo watoto waliopitia yaleyale aliyoyapitia yeye.

Husemwa ya kwamba mtu ni matendo yake. Nasi tumelihubiri neno hilo zaidi ya mara moja, wala hatujuti. Lakini tukiwaza habari za mtoto yule jangwani, twasita. Yeye alikuwa ametenda nini? Hakuna. Alitendwa tu. Kama mtu ni matendo yake na basi, wauzaji walikuwa na haki ya kumkadiria bei, kwa kuwa hawakuona kitu kingine ndani yake. Seminarini tulifundishwa ya kwamba kutenda hufuata kuwa: mti kwanza, ndipo tunda. Siku zile tulilikariri somo hilo kwa ajili ya mtihani tu. Maisha ya Atiman yametufunulia maana yake kuliko kitabu. Mtu aliyekuja kuwatibu watu wa Karema alikuwa ni yuleyule aliyeuzwa. Matendo yake hayakumfanya kuwa mwana wa Mungu, yalimdhihirisha.

Lakini mti usiozaa nao wajulikana. Kuna Wakristo miongoni mwetu ambao Ukristo wao umefungiwa kabatini pamoja na cheti cha ubatizo, na jirani mgonjwa akipiga hodi, hakuna mtu nyumbani. Atiman angeweza kutosheka na jina la mganga aliyesoma Ulaya. Badala yake aliwaendea waganga wa kienyeji, akajifunza kwao mizizi na majani ya nchi, ajapokuwa na elimu ya Malta. Alipasua, alifunga vidonda, alifundisha katekisimu. Wajerumani walitawala wakaondoka, wakaja Waingereza, yeye yupo. Alikaa miaka 67, na tusomapo hesabu hiyo hatuna budi kuona aibu kidogo, sisi tunaoomba uhamisho baada ya miaka 2.

Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Alimwoa Agnes Wansahira, mwenyeji wa huku. Hivyo yule aliyenyang'anywa baba na mama akawa baba wa padri: mwanawe Joseph alipata daraja ya upadri 1923, naye mzee akaishi miaka 33 zaidi, papo hapo Karema.