Nemours Jean-Baptiste, mwasisi wa muziki wa konpa nchini Haiti

Nemours Jean-Baptiste, anayetambuliwa kuwa mwasisi wa muziki wa konpa, alizaliwa tarehe 2 Februari 1918 mjini Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Mpiga saksofoni huyo aliunda bendi yake mwaka 1955, wakati ambapo kumbi za dansi nchini humo zilitawaliwa na muziki wa Kuba na merenge ya Jamhuri ya Dominika.

Jean-Baptiste aliuchukua muziki wa asili wa Haiti uitwao mereng, akaupa mdundo wa ngoma usiobadilika ambao kila mchezaji aliweza kuufuata. Bendi yake ilijulikana kama Aux Calebasses, jina la ukumbi wa dansi wa Carrefour, karibu na mji mkuu.

Mafanikio hayo yalizaa upinzani. Mpiga saksofoni Webert Sicot, aliyewahi kupiga naye muziki, alijitenga na kuanzisha mtindo wake, cadence rampa. Katika miaka ya 1960 mashabiki waligawanyika kambi mbili, hasa wakati wa kanivali, ingawa mitindo hiyo haikutofautiana sana. Ushindani huo uliwafanya wote wawili wasilegee, na muziki wao ukavuka bahari hadi Martinique na Guadeloupe, ambako baadaye ulichangia kuzaliwa kwa zouk.

Mahasimu hao walifariki dunia mwaka mmoja, 1985. Jean-Baptiste tarehe 18 Mei. Jina lililodumu ni konpa, na leo linajumuisha hata kazi za mpinzani wake.